Somo la Chungwa

Mwaka ule kudunga sindano tulijifunzia chungwa.
Chuo kilifungwa, vitanda vya mazoezi vikafunikwa shuka,
na mwalimu Ofelia, uso ukikatikakatika kwenye kioo cha simu,
akasema ganda la chungwa ndilo linalokaribia ngozi ya mtu.
Nikayadunga machungwa ya mwenye nyumba
mpaka jiko likanukia kama sikukuu
iliyokosa wageni.

Chungwa halishtuki.
Chungwa halikushiki mkono likakuuliza,
binti, nitaiona Krismasi?

Baridi ilipokolea Arequipa wakatuita wodini.
Mlima Misti ulikuwa umekwisha kuvaa kofia yake nyeupe;
zetu, za kuapishwa, zilikuwa kabatini zikingoja tarehe.
Nje ya lango watu wamepanga foleni na mitungi ya oksijeni,
kila mmoja kaukumbatia wake
kama anamsindikiza ndugu mnene asiyeweza kutembea.
Tukapita katikati yao na sare zenye mikunjo ya dukani.
Wakatupisha.
Hilo ndilo lililonitisha: kwamba walitupisha.

Nélida Ccahuana, wa kitanda cha dirishani, akaanza kuhesabu.
Pumzi za mgonjwa wa nane: thelathini na sita kwa dakika.
Pumzi za mlinzi wa lango. Za mbwa wa jirani.
Usiku mmoja niliamka nikamkuta kaketi ukingoni mwa kitanda changu,
saa mkononi, macho kayakaza kifuani mwangu.
"Kumi na nne," akasema. "Lala."
Nani angelala?

Mama alipopiga simu, uko mzima?
mzima, nikajibu,
na kamera nikazima.

Kisha chuo kikatuletea dodoso.
Katika wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi mara ngapi?
Kamwe. Siku chache. Zaidi ya nusu ya siku. Karibu kila siku.
Nikatia alama kwenye kamwe, kamwe, kamwe, hadi chini kabisa,
kama mtu anayefunga vifungo vya koti.
Muuguzi anayeugua wanampeleka wapi?
Neno lenyewe limebeba ugonjwa tumboni,
na sisi tumelivaa kifuani, kwa pini.

Nélida alijaza yote kwa ukweli.
Swali la mwisho alilizungushia duara, akalizungushia tena,
hadi karatasi ikatoboka.
Wiki ile hakupiga simu mtu.
Wiki ya pili ilipiga sauti iliyorekodiwa,
ikamshauri apumzike.
"Apumzike," Nélida aliniambia. "Pumzi imo humo humo ndani ya neno.
Nikifika hapo naanza tena kuhesabu."

Najua mnachongoja.
Shairi likifika hapa msomaji huanza kutafuta jeneza.
Hakufa.
Usiku huo nilifunga mlango, ufunguo nikautia soksini,
nikampigia mwalimu Ofelia saa nane usiku.
Alikuja na barakoa mbili, nguo za kulalia chini ya koti,
akaketi sakafuni, wala hakusema neno la kitabuni hata moja.
Alimenya chungwa.
Kulipokucha akamshika mkono, wakaenda kwa daktari,
na mwisho wa mwezi Nélida akarudi kwao Chivay
juu ya lori la vitunguu.

Mimi nilibaki. Niliapishwa mbele ya skrini,
mshumaa wa betri mkononi.
Majina yakasomwa, lake likarukwa
kama kidato kilichovunjika kwenye ngazi.

Sasa anatengeneza jibini. Anameza vidonge, anasema,
na kuna siku anaamka akitafuta sababu,
na kuna siku anaamka tu.
Juzi kaniandikia: Bado unahesabu?
Nilikuwa zamuni. Kitanda cha nane kina kijana
aliyevunjika mguu akicheza mpira; anakoroma.
Nikaandika: kumi na sita.
Nikafuta.
Nikaandika: ndiyo.