Breki Inayojibana

Grimsby, saa sita usiku, mvua ya mawe dirishani.
Baba kavaa koti la kazi, lile la kampuni,
ingawa leseni waliichukua Machi,
sukari ilipomfika machoni.

Lori linanguruma, haliendi.
"Kombo, nani kakanyaga breki?"
Hakuna. Mguu wake uko hewani,
soksi imetoboka kisigino.
Nafungua mipangilio: mstari wa breki umejaa pomoni.
Akikanyaga, unashuka. Akiachia, unapanda.
Pedali imemwelewa kinyume,
kama yule daktari aliyemwambia apumzike.

Natia alama ya vema: geuza.

Sasa picha imefurika nje ya skrini,
vioo vya pembeni vimekatwa.
"Dereva bila vioo ni mzigo tu," anasema,
nami nabadili vipimo, namba baada ya namba,
mpaka kioo cha kushoto kinarudi
na tela zima ndani yake.

Usukani bado umelegea katikati.
"Uache. Hata lile la Shekuwe lilikuwa hivyo."

Anatazama kulia, kushoto, kulia tena.
Halafu ananigeukia, nimekaa kwenye kiti cha jikoni,
na anasubiri.

Nafunga mkanda.