Sababu ya Nne

Wakili Prosser amezisogeza karatasi kwa kidole kimoja,
kama mtu anayesogeza sahani
ambayo mgeni hakuimaliza.
Sababu zetu tatu za rufaa, anasema, hazina miguu.
Ya kwanza, kwamba notisi ya kodi ilichelewa: haikuchelewa.
Ya pili, kwamba fedha za kisiwani ni za amana,
si za Desmond: sahihi yake iko kila ukurasa.
Ya tatu niliitunga mwenyewe, naye aliiacha kwa huruma:
kwamba mume wangu alikuwa mtu mwaminifu.
"Hiyo," anasema, "si hoja ya sheria."

Nje, mvua ya Bristol inanyesha
kama nayo inalipwa kwa saa.

Basi ipo ya nne. Tumechelewa nayo miezi kumi na mmoja,
itabidi tuliombe baraza idhini
na tueleze kwa nini hatukuisema mapema.
Ananisomea polepole:
kwamba marehemu, katika miaka yote saba inayobishaniwa,
hakuwa mkaazi wa nchi hii;
kwamba makao yake ya kweli yalikuwa Guernsey,
nyumbani kwa Bi. Marguerite Brouard;
na kwamba nyumba namba 22, Barabara ya Cotham,
ilikuwa mahali pake pa kufikia tu.

Pa kufikia.
Ngazi zile nilizipaka rangi mara mbili.

Ushahidi upo, anasema, na ni mzuri.
Neno "mzuri" limemtoka, kisha amelionea haya.
Tiketi za ndege ndogo. Kadi ya maktaba.
Daktari wa meno, jino la juu kushoto
(nililiona jino lile jipya; nililisifu).
Bili za maziwa, chupa mbili kila asubuhi,
na kwangu alikunywa chai ya rangi.
Halafu risiti za kodi ya mbwa.

Kule kila mbwa hulipiwa kodi kwa mwaka.
Kwangu alimkataa mbwa miaka thelathini na mmoja:
manyoya, alisema, kifua.
Kule alikuwa na mbwa, jina lake Biskuti,
akamlipia kila Januari
kabla ya tarehe, bila barua ya onyo.
Kodi pekee aliyowahi kuilipa kwa wakati.
Nimecheka. Prosser hakujua kama naye acheke.

Mficha maradhi kifo humuumbua.
Mficha fedha vilevile,
ila yeye keshalala; tunaoumbuka ni sisi.

Hesabu yenyewe ni fupi.
Nikisema alikuwa wangu, Mamlaka inachukua nyumba.
Nikisema hakuwa wangu, nabaki na nyumba
ambayo kwa kiapo changu mwenyewe
hakuwahi kuishi.

Bi. Brouard ametuma maelezo yake, kurasa mbili, mwandiko wa kulala.
Alidhani tuliachana zamani.
Hakuomba radhi, na mimi sikuitafuta.
Mwishoni, pasipohusu kesi:
mbwa bado yu hai, amezeeka,
kila jioni hulala mlangoni.

Mawakili wana desturi yao.
Kilichorekebishwa hakitupwi.
Maneno ya zamani hukatwa kwa mstari mwekundu,
mapya hupigiwa mstari chini,
ili hakimu aone ulichokuwa ukikishikilia
kabla hujakiachia.
Juu ya "mwaminifu" wino umepita mara moja, umenyooka,
na neno linasomeka vizuri.

Nimeomba kalamu.
Prosser ameuliza kama kuna lolote zaidi la kurekebisha.
Nimesema lipo.
Nyumba yetu si namba 22. Ni 24.
Ishirini na mbili ni kwa jirani.
Desmond ndiye aliyejaza zile fomu.