Kibandiko

Saa nne Yerko anazima kompresa
na gereji inausikia upepo tena,
upepo wa Punta Arenas usiojua kubisha hodi:
unapita chini ya mlango wa bati
na kulipekua gazeti kabla yetu.
Kibuyu cha chai chungu kinazunguka,
mrija mmoja, midomo mitatu,
na kesi za madereva zinaanza.

Nibaldo hutangulia.
Ana yule mwalimu wa hesabu
aliyeiziba taa nyekundu ya oili
kwa plasta ya kidonda.
"Ilikuwa inanikodolea jicho usiku."
Tulipovuta kijiti cha kupimia
kilitoka kikavu, kisafi,
kama kijiko cha mgeni.

Yerko ana wake, muuza kaa wa sokoni.
Breki zilipoanza kulia, akaongeza redio.
Zilipolia chuma kwa chuma
akanunua spika.
Pedi tulizitafuta kama pete iliyoangukia mchangani,
na sahani zimechimbika matuta
ungeweza kupanda viazi.
Hii Yerko haichoki, na kila wiki huitia chumvi:
mwezi Juni spika zilikuwa mbili,
leo zimefika sita.

Mimi ninaye mfugaji kondoo
aliyevuka kwa feri kutoka Porvenir
na rejeta aliyoijaza maji ya bomba,
Julai, theluji ikimfika magotini.
Usiku maji yakaganda, injini ikapasuka
kama chupa iliyosahauliwa kwenye friza.
Akaniangalia, kofia mkononi:
"Binti, hamna gundi?"

Tunacheka. Msituone wabaya.
Tunacheka kwa kuwa nati moja yenye kutu
hula asubuhi nzima na ngozi ya vidole,
na mwenyewe akija jioni anauliza
mbona nati moja tu
imekuwa ghali hivyo.

Ya bibi Zunilda hatuisimulii.

Alikuja na pikapu nyeupe, siku ya Ijumaa,
injini inakohoa kohozi zito.
Nilifungua kizibo cha chini: oili haikutiririka,
ilishuka polepole, nyeusi, vipande vipande,
kama lami inayofikiria.
Nikahesabu: miaka sita.
Nilikuwa na maneno yangu tayari,
yale ya adabu yanayochoma kuliko matusi,
nikainuka kuyasema
ndipo nikakiona kibandiko
juu ya kioo cha mbele, pembeni.
Tarehe. Kilomita.
Wino wa buluu uliopauka kuwa kijivu,
saba iliyokatwa kiunoni,
mwandiko wa mtu asiye na haraka.

"Ni Arístides," alisema. "Alikuwa akibadilisha mwenyewe, uani.
Mkimaliza, mtabandua hicho na kubandika kingine."
Hakuwa anauliza.
Alikuwa ameukunja mkoba wake
kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Yerko alikuwa chini ya gari la pili.
Nilidhani hakusikia.
Akatoka akijifuta mikono, kidole kwa kidole,
akamwaga oili mpya mwenyewe,
akaandika kibandiko, herufi zake mbovu,
akakibandika ndani ya boneti
mahali ambapo jicho la fundi tu hufika.
Kile cha kioo hakukigusa.
Akamtoza bei kamili.
Punguzo lingemdhalilisha.

Hayo ni ya mwaka juzi.
Kwa hesabu ya boneti, bibi amepitiliza
kilomita elfu mbili, labda tatu.
Simu yake ninayo.
Sijapiga.

Na gari langu, lile pale nje, la kijani,
lina miezi kumi na minne bila oili mpya.
Nibaldo anajua, anasubiri siku ya kunitangaza.
Mganga hajigangi, namwambia.
"Ila mganga halali barabarani," ananijibu.

Saa nne na nusu. Kompresa inanguruma.
Mlangoni kuna mtu, nywele zimevurugwa na upepo,
funguo zinaning'inia kidoleni,
nyuma yake gari linatoa moshi mweupe.
Hatujamsalimu bado
na midomo yetu tayari inajua, inamtangulia:
"Hadi jana lilikuwa zima kabisa."