Hodi kwenye Barafu

Ortensia amefika Carrara kwa treni ya Jumapili,
bomba la karatasi kwapani.
Jikoni, Delfo anakata mafuta ya nguruwe
yaliyolala miezi sita ndani ya kasha la marumaru;
anayakata membamba hadi kisu kinaonekana ng'ambo.

"Umeleta nini?"
"Mrihi, Baba. Ncha ya kaskazini."
Anasukuma mkate kando.

Mchoro ni mweusi. Mistari myeupe imelazwa juu ya mistari,
barafu, vumbi, barafu, vumbi,
kama blanketi za nyumba iliyozoea wageni.
Anamweleza: chombo hupita juu, hubisha hodi kwa redio.
Uso wa barafu huitika kwanza,
kisha vumbi la chini yake, kisha la chini ya hilo,
kila mwitikio na kuchelewa kwake,
sekunde iliyokatwa vipande milioni.
Kuchelewa ndiko kina.
Na kila mstari ni zama: sayari iliinama, ikainuka,
theluji ikaja, ikakoma.

Sikio la kushoto la Delfo lilichukuliwa na baruti.
Miaka arobaini aligonga mlima kwa nyundo
kabla msumeno haujaugusa:
jiwe zima hulia kama kengele,
lenye ufa hukohoa.
Elvio, mdogo wake, siku moja hakungoja jibu.

Kidole kinafuata mstari mmoja uliopinda,
unaoshuka ukiwakata wenziwe.
"Huyu mwongo."
Wiki tatu Ortensia ameulea mstari huo,
ameupa jina, ameuandikia kurasa kumi na moja.
"Kwa nini?"
"Hakutoka chini. Kakujia ubavuni.
Machimboni ukigonga hapa, genge la ng'ambo hukujibu,
nawe ukadhani ni tumbo la jiwe."

Kahawa inafurika mekoni. Hakuna anayeinuka.
Anatafuta ramani kwenye simu, anaivuta, anaikuza:
kando ya njia ya chombo, upande wa mashariki,
genge.

Hasemi kitu. Anachora alama ya kuuliza kwa penseli,
ndogo, kama mtu anayeandika deni lake mwenyewe.
Mistari mingine inabaki ilivyolala.

Mzee amerudi kwenye kisu, kisha anakiweka tena.
"Na chini kabisa, pale inapoishia?"
"Mchanga, labda. Mwangwi hufika umechoka."
"Uchovu si kimya," anasema,
na kuinamia karatasi
kwa sikio la kulia.