Shimo la Tatu

Bibi Etelvina alianguka tena kwenye shimo la tatu.
Akaweka kidhibiti mapajani, taratibu,
kama mtu anayerudisha sahani asiyoimaliza.
"Vidole vimezeeka," akasema. "Basi."

Huku Paysandú, Julai ni baridi.
Hita ya gesi inakoroma, dirisha limetoka jasho,
kibuyu chake cha mate kimepoa kando ya rimoti,
na mbele yetu televisheni ya inchi hamsini na tano
ambayo mjomba Wilmar bado anailipia kila mwezi.

Vidole hivyo mimi navijua.
Miaka thelathini na mmoja kiwanda cha sufu,
vikidaka uzi uliokatika
kabla mashine haijajua kuwa umekatika.
Vilinichomoa mwiba wa samaki kooni
nikiwa bado natafuta pa kuanzia kulia.
Leo vishindwe na kitufe?

Nikachukua rimoti.
Nikaingia kwenye mipangilio, chini kabisa,
chumba ndani ya chumba, kusikofagiliwa na mtu,
nikaikuta televisheni ikifanya kazi tusiyoituma:
inalainisha mwendo, inachuja chembe,
inanoa kingo, inakoleza wekundu,
kila picha inaoshwa, inapakwa wanja,
inajitazama tena kwenye kioo
ndipo iruhusiwe kutoka.
Kidole kimekwisha kubonyeza.
Kakakuona wake yuko bado kwa kinyozi,
na shimo halisubiri.

"Si wewe, bibi. Ni hii.
Imelelewa kwa pole pole ndio mwendo."

Hakuniamini. Nikachagua Hali ya Mchezo.
Picha ikapauka. Anga likawa anga tu,
nyasi zikapoteza ule ukijani wa pipi.
"Umeitia homa," akalalamika.
"Imenawa uso," nikamjibu.

Kisha kingo.
Televisheni ilikuwa ikikata picha pande zote,
unene wa kidole tu,
tabia ya zamani iliyosahau sababu yake.
Nikaiamuru ionyeshe yote,
na pale juu kwenye kona
ikajitokeza mioyo saba myekundu.

"Hiyo nini?"
"Uhai wako uliobaki."

Alikaa kimya mpaka hita ikakohoa.
"Miezi miwili," akasema,
"nimecheza kama mtu mwenye mmoja."

Mwisho, giza.
Mashine ya gemu huleta alama hafifu ndani ya weusi
na kukuagiza: punguza mwangaza mpaka ikaribie kutoweka.
Nikapunguza. Kwangu ilikuwa inatoweka.
Kwake ilishaondoka kitambo,
jicho la kushoto lina mtoto wa jicho,
na barua ya hospitali tunaingoja tangu Machi.

"Waiona?"
"Naiona," akasema,
akitazama pembeni kidogo ya mahali ilipokuwa.

Nikapandisha hatua nne, nisiseme neno.
Aliyeandika maelekezo yale
haishi na bibi yangu.

Akakishika tena kidhibiti.
Shimo la kwanza.
Kidole kikashuka, kakakuona akapaa palepale,
na bibi akatoa sauti ndogo, kama ya mtu
aliyeitwa jina lake la utotoni sokoni.
La pili, akalivuka akiwa ameinua kidevu.
Nikaiona kwa mara ya kwanza ile zamu ya usiku
ambayo mama alinisimulia,
mistari ya nyuzi, taa za kiwanda,
na mwanamke mmoja asiyehitaji kuangalia mikono yake.

La tatu, akaanguka.

Nikafungua kinywa nimpoze.
Akaninyamazisha kwa kiganja.
"Hapo," akasema, meno yote nje,
"hapo nimeanguka mwenyewe."

Mioyo sita.
Akabonyeza.