Uma, Kijiko, Sabuni

Muuguzi alinisomea orodha kwa simu,
mbiombio, kama anayetaja bei za nyanya:
uma, kijiko, kikombe, taulo, sabuni,
karatasi ya chooni, roli mbili, maana ya kwanza huibwa,
na kipimajoto, kama mnacho.
Nikamuuliza: na daktari je, tuje naye?
Akacheka. Kicheko cha mtu asiyelala.

Mama yangu Piroska
kwa miaka thelathini na minane alishona sare za shirika la reli,
na kila mwezi walimkata kwa ajili ya siku hii.
Siku imefika. Kitanda hakijafika.
Wamemlaza koridoni
baina ya lifti mbovu na picha ya Waziri akikata utepe.

Bomba la joto ukutani limepoa kama pua ya mbwa.
Mama amejifunika koti la sufu, na kofia,
abiria wa treni iliyofutwa
ambaye hajaambiwa.

Dirishani, ng'ambo ya barabara,
uwanja mpya wa mpira umewashwa taa, hauna mtu.
Mlinzi alinieleza kwa fahari
kwamba chini ya nyasi yamelazwa mabomba ya maji moto
theluji isije ikaganda.
Nikamsimulia mama. Alinyamaza kitambo, kisha:
"Basi nihamishieni golini."

Emőke, aliyekuwa akimbadilisha bendeji, aliaga Ijumaa.
Kaenda Graz, kuosha wazee wa Kiaustria.
Redioni wanasema ni tamaa.
Tamaa gani? Ya kulala?
Wagonjwa arobaini na mmoja, muuguzi mmoja,
anahesabu vidonge kwa tochi ya simu.

Mkono mtupu haulambwi.
Nilitia noti tatu kwenye bahasha,
nikaichomeka mfukoni mwa Daktari Kelemen.
Akairudisha. Macho mekundu, koti limetoka uzi.
"Kanunue blanketi," akasema.
Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.
Sikujua niipeleke wapi hasira yangu,
ikabidi niipandishe ngazi, juu,
ofisi baada ya ofisi,
mpaka nikakuta mlango uliofungwa
na tangazo: *Hakuna foleni.
Kuna muda wa kungojea ulioratibiwa.*

Mficha maradhi kilio humfichua,
ndivyo isemwavyo.
Lakini aliyeficha ni wizara,
na kilio kimebisha hodi kwetu.

Jumatano walinikabidhi mfuko.
Uma, kijiko, kikombe kilichopasuka mkono,
taulo mbichi, sabuni nusu.
Kipimajoto hakikuonekana.
Saini hapa, wakasema. Na hapa.
Roli moja ya karatasi ilikuwa haijafunguliwa.

Kitandani pake, koridoni, palikuwa tayari na mzee,
kiatu kimoja mguuni,
akitazama picha ya utepe.
Hakuna aliyemsomea orodha.
Nikamwachia roli,
na sabuni,
na baada ya kufika mlangoni nikarudi,
nikamwachia kijiko.