Haiumi

Somoe aliingia na mtoto mgongoni,
vumbi jekundu la Newala limemfika magotini,
akafungua kanga, akanigeuzia shingo ya Shaweji
kama mtu anayemwonesha fundi ufa wa ukuta.

Chini ya taya, upande wa kushoto:
masizi ya chungu, chale tatu zilizokauka.
"Tulidhani matubwitubwi."
Matubwitubwi huja na homa, yakaondoka na wiki.
Hii ina miezi mitatu.

Nilipasha vidole joto kwapani,
nikavipitisha nyuma ya sikio, chini ya kidevu, juu ya mtulinga.
Moja, kubwa kama njugumawe.
Mbili nyuma yake, zimeshikana
kama karanga za ganda moja.
Meno mazima. Koo safi. Kichwani hakuna kidonda.
Nikabonyeza. "Inauma?"
Akacheka. Alidhani namtekenya.

Ningefurahi angelia.

Miaka minne, kilo kumi na moja,
na mstari wa kadi yake umelala tangu mavuno ya korosho.
"Analala na nani?"
"Na babu yake, shambani. Shuka moja."
"Babu anakohoa?"
Somoe akautazama mlango.
"Ni tumbaku tu."
Nikakumbuka ule msemo wa nguoni, nikaumeza.

Sindano nyembamba, tone zito kama tui la kwanza,
kikopo kikapanda pikipiki kwenda Ndanda.
Jibu lilirudi Ijumaa: kifua kikuu,
kimehama kifuani, kimepanga shingoni.

Vidonge vya kuyeyusha majini,
vina ladha ya tunda lisiloota kwetu.
Mwezi wa pili tezi ikavimba zaidi.
Somoe akavimwaga mezani: "Chukua dawa zako."
Sikuwa na neno la kumtosha. Nilisema tu,
mwili ukiamka hugomba kwanza, ndipo ushike jembe.
Nikampandisha Shaweji kwenye mzani.
Kumi na mbili na nusu.
Akautazama mshale, akautazama tena,
akaviokota kimoja kimoja, akavifunga pindoni.

Leo ni mwezi wa sita. Natafuta, natafuta,
napata punje ya mtama,
au pengine ni woga wa vidole vyangu.
Nje, kwenye benchi, mzee Likwanda
anahesabu vidonge vyake mwenyewe.
Miaka miwili, anasema, nilikificha kifua,
hata mke wangu nikamdanganya.
Mtani wangu huyu, hajui hata kufunga kamba za viatu,
ndiye aliyekuja kunishitaki,
kwa shingo.